Mchoraji wa Ndege Ambaye Hakurudi

Na Mwandishi Wetu

KATIKA mji wa Chatham, yapata maili 30 mashariki ya London, kuna kilima chenye nyasi, na juu ya kilima hicho umesimama mnara mrefu wa mawe uonekanao toka mbali. Kuuzunguka mnara huo kuna kuta, na katika kuta hizo yameandikwa majina. Si majina mia wala mia mbili, bali ni maelfu kwa maelfu ya majina ya watu waliotoka kwenda baharini katika vita vikuu viwili vya dunia, na bahari isiwarudishe. Watu hao hawana makaburi. Ukuta ndio kaburi lao, na jamaa mwenye kutaka kuwakumbuka huja akasimama mbele ya jina.

Mimi nilifika hapo kutafuta jina moja tu. Halikuwa jina la jemadari wala la baharia hodari. Lilikuwa ni jina la mtu aliyekwenda vitani na rangi za maji, brashi na karatasi. Akachora meli, akachora nyambizi, na mwishowe akachora ndege, hadi siku alipopanda ndege asionekane tena. Jina lake ni Eric Ravilious.

Ili ndugu msomaji upate kujua jinsi jina la mchoraji lilivyofika katika ukuta wa mabaharia, hapana budi nikueleze safari yangu tangu mwanzo.

KITANDA KISICHO NA MTU

Nilikuwa London kwa mafunzo ya majuma sita, na Jumamosi zangu zilikuwa huru. Siku moja, nikijikinga mvua katika duka la vitabu vikuukuu, niliona kadi ya posta yenye picha iliyonisahaulisha mvua. Ilikuwa ni picha ya chumba cha wagonjwa katika kituo cha ndege za jeshi la majini huko Dundee, Scotland, iliyochorwa mwaka 1941. Ndani ya chumba mna kitanda, nacho hakina mtu. Nje ya dirisha zinaonekana ndege za majini, zimetulia kama bata. Hamna risasi, hamna moshi, hamna damu. Hata hivyo kila nilipoitazama nilijiuliza: mwenye kitanda yuko wapi?

Nilinunua kadi tatu. Mwenye duka, mzee mpole mwenye miwani, alizifunga katika karatasi, kisha akaniambia kwamba ikiwa nataka kumfahamu mchoraji huyo, basi nisimtafute London. Nimtafute Eastbourne.

MTOTO WA MWENYE DUKA

Eastbourne ni mji wa pwani ya kusini ya Uingereza, na treni itokayo London hufika huko kwa muda wa saa moja na nusu hivi. Pwani yake si kama pwani zetu. Hakuna mchanga mweupe wala minazi. Kuna kokoto zinazolia chini ya viatu, na upepo wenye chumvi unaokulazimisha kufunga vifungo vyote vya koti. Kwa upande wa magharibi ardhi inapanda polepole, ikapanda tena, halafu ghafla inakatika na kuwa jabali jeupe la chaki liitwalo Beachy Head. Jabali hilo lina kimo cha zaidi ya futi 500, na ukiwa juu yake ndege wa baharini unawaona chini yako. Nadhani kijana aliyekulia hapa hakuhitaji kupanda chombo chochote ili ajue dunia inavyoonekana kutoka angani.

Ravilious hakuzaliwa Eastbourne. Alizaliwa Acton, London, Julai 22, 1903. Baba yake alikuwa na duka la vitambaa, duka likafilisika, na familia ikahamia pwani kuanza maisha upya kwa biashara ya vitu vya kale. Mwaka 1919 kijana huyo alipata nafasi ya masomo katika shule ya sanaa ya Eastbourne, na mwaka 1922 akapata nafasi nyingine katika Chuo cha Kifalme cha Sanaa, London. Huko alifundishwa na Paul Nash, mchoraji mashuhuri wa Vita Kuu ya Kwanza, na huko akampata Edward Bawden, rafiki yake wa maisha.

Tusidhani kwamba alikuwa msanii wa kukaa dirishani akingoja fikra zimshukie. Alikuwa fundi, mtu wa kuamka asubuhi akafanya kazi. Alichonga picha katika mbao kwa ajili ya kuchapwa vitabuni. Yeye na Bawden walichora picha kubwa ukutani katika Chuo cha Morley, London, ambacho ni chuo cha elimu ya watu wazima, mahali ambapo wafanyakazi walikwenda kujiendeleza baada ya saa za kazi. Kazi hiyo iliwachukua miaka miwili, tangu 1928 hadi 1930.

Alichora pia mapambo ya sahani na vikombe vya kiwanda cha Wedgwood. Kuna kisa cha kikombe kimoja. Alikichora kwa ajili ya kutawazwa kwa Mfalme Edward VIII, lakini mwezi Desemba, 1936 mfalme huyo akaacha kiti kabla ya kutawazwa. Mchoro ukarekebishwa kwa ajili ya George VI aliyetawazwa mwaka 1937, na ukarekebishwa tena kwa ajili ya Malkia Elizabeth mwaka 1953. Wakati huo mchoraji mwenyewe alikuwa hayupo duniani kwa muda wa miaka 11. Naam, kazi ya fundi huweza kuishi kuliko fundi.

Alirudi Eastbourne mara kwa mara kufundisha katika shule ile ile iliyomlea, na miongoni mwa wanafunzi wake alikuwamo binti aitwaye Tirzah Garwood, mchongaji wa picha za mbao mwenye jicho kali na ucheshi. Walioana Julai, 1930. Ndoa yao haikukosa mawimbi, na Tirzah mwenyewe aliyaandika bila kuyaficha katika kumbukumbu za maisha yake. Lakini walikaa pamoja, wakapata watoto watatu: John, James na Anne.

MTU WA KILIMANI

Katika jumba la sanaa la Towner, mjini Eastbourne, umehifadhiwa mkusanyiko mkubwa wa kazi za Ravilious. Nilikaa humo tangu asubuhi hadi njaa iliponitoa.

Mtu aliyezoea picha za rangi nzito nzito huenda akasema, mara ya kwanza, kwamba picha hizi zimepauka. Asiondoke upesi. Ravilious alitumia rangi za maji, lakini hakumwaga maji. Alikausha brashi karibu kabisa, akachora mistari myembamba, mmoja ubavuni mwa mwingine, kama mtu anayesuka ukili, na baina ya mistari akaiacha karatasi nyeupe ionekane. Nuru ya picha zake haikupakwa. Nuru hiyo ni karatasi yenyewe. Nilipotoka nje na kuviona vilima vya Sussex, vyenye nyasi juu na chaki nyeupe chini, nilitambua mahali alipojifunza ufundi huo.

Mchana nilikwenda hadi kijiji cha Wilmington, ambako ubavuni mwa kilima kuna umbo la mtu lenye urefu wa futi 235, ameshika fimbo mbili, moja kila mkono. Ravilious alimchora mtu huyo mwaka 1939, akiwa nyuma ya uzio wa waya. Mwaka uliofuata wenyeji walimpaka mtu huyo rangi ya kijani ili apotee katika majani, kwa kuwa marubani wa Ujerumani wangeweza kumtumia kama alama ya kuonyesha njia. Hivyo ndivyo vita vya angani vilivyofika katika vilima vile vya kondoo. Hata alama ya wazee wa kale ililazimika kujificha.

Nilisimama pale chini nikafikiri juu ya jambo hilo. Mtu aliyekuwa akichora vilima vitulivu alianza kuviona kwa macho mawili: jicho la mpita njia na jicho la rubani mwenye mabomu.

MCHORAJI APEWA CHEO

Vita vilipoanza Septemba, 1939, Ravilious alikuwa akiishi na familia yake katika kijiji cha Castle Hedingham, mkoa wa Essex. Alijiunga na kikosi cha raia waliokaa zamu usiku na mchana wakitazama anga na kutoa taarifa ya kila ndege inayopita. Kazi yake ya kwanza ya vita, basi, ilikuwa ni ile ile aliyoizoea: kutazama.

Mwisho wa mwaka huo serikali ilimteua kuwa mmoja wa wachoraji rasmi wa vita, akapewa cheo cha heshima cha Kapteni katika kikosi cha askari wa majini. Februari, 1940 aliripoti kazini Chatham, mji ule niliouanza nao habari hii. Alichora meli zilizokuwa gatini, na maputo makubwa yaliyofungwa kamba na kuachwa yaelee ili kuzuia ndege za adui.

Kisha alikwenda Norway, katika maji ya kaskazini ambako wakati wa kiangazi jua halitui. Huko aliiona meli ya kubeba ndege iitwayo Glorious. Majeshi ya Uingereza yalikuwa yakiondoka Norway, na marubani wa ndege za Hurricane, badala ya kuziharibu na kuziacha kama walivyotarajiwa, walijitolea kuzitua juu ya meli hiyo, ingawa ndege hizo hazikuwa na vifaa vya kutulia melini. Walifaulu wote usiku wa kuamkia Juni 8, 1940. Siku hiyo hiyo manowari mbili za Ujerumani ziliizamisha Glorious pamoja na meli mbili zilizoilinda. Watu zaidi ya 1,500 walikufa. Kati ya marubani wale waliotua kwa ushujaa, wawili tu ndio waliookoka.

Ravilious aliichora Glorious na ndege zake. Katika picha hiyo bahari ni tulivu na anga lina nuru. Ndege ni vidoa vidogo. Asiyejua kisa atasema ni picha ya siku njema. Ajuaye kisa hawezi kuitazama kwa muda mrefu.

Baadaye alichora maisha ya ndani ya nyambizi, na mwaka 1941 akafika Dundee, kwenye ndege aina ya Walrus. Hiyo ilikuwa ni ndege ya majini yenye tumbo kama la mashua na injini iliyoning'inia katikati ya mabawa, huku pangaboi likitazama nyuma. Haikuwa ndege ya kujivunia mbele ya wachumba, lakini iliokoa marubani wengi walioanguka baharini. Ravilious aliipenda. Hakutosheka kuichora ikiwa majini. Aliomba kupanda, akaruka nayo. Tangu hapo anga lilimteka.

WACHORAJI WAWILI, SHULE MOJA

Hapa yafaa nimtaje mtu mwingine. Katika shule ile ile ya sanaa ya Eastbourne alisoma pia kijana aitwaye Frank Wootton, ambaye alikuja kuwa mchoraji wa ndege anayejulikana kuliko karibu wote nchini Uingereza. Mwaka 1941 Wootton alitoa kitabu cha kufundisha jinsi ya kuchora ndege. Mwaka 1944 alifuatana na jeshi la anga hadi Normandy, Ufaransa, na baadaye akapelekwa Asia. Chama cha wachoraji wa ndege cha Uingereza kilipoundwa mwaka 1971, yeye ndiye aliyekuwa rais wake wa kwanza. Alifariki mwaka 1998 akiwa mzee.

Ndege za Wootton ni chuma. Zimechorwa kwa rangi za mafuta, zinang'aa, zinakwenda kasi, na ukizitazama unakaribia kusikia mngurumo. Rubani akizitazama huhesabu hata misumari yake. Ndege za Ravilious ni nyepesi, mithili ya tiara za watoto, na mara nyingi hazina mtu. Wako waliosema kwamba huyu wa pili aliwaonea haya watu, au kwamba alivikimbia vita kwa kuvifanya vizuri mno. Nami niliondoka Eastbourne nikiwa na swali hilo mfukoni, pamoja na kadi zangu.

UWANJA ULIOGEUKA SHAMBA

Jumamosi ya pili nilipanda treni ya kwenda Sawbridgeworth, mji mdogo kaskazini ya London, kando ya mto Stort. Magharibi ya mji huo, wakati wa vita, kulikuwa na kiwanja cha ndege za jeshi. Leo ni mashamba. Nilitembea njia nyembamba katikati ya ngano, nikapita miti iliyosongamana, na laiti nisingalisoma habari zake kabla, nisingalijua kwamba hapo ziliwahi kuruka Spitfire.

Ravilious alifika hapa mwaka 1942, na hapa ndipo alipofanya baadhi ya picha zake nzuri kupita zote za ndege. Kulikuwa na ndege ndogo za mafunzo ziitwazo Tiger Moth, zenye mabawa mawili juu na chini, mwili uliofunikwa kwa kitambaa kilichopakwa dawa, na viti viwili visivyo na paa. Alizoea kupanda katika mojawapo ya ndege hizo na kuzichora nyingine zikiwa hewani.

Fikiri, ndugu msomaji, kazi hiyo ilivyokuwa. Upepo unakupiga usoni, karatasi inataka kukuponyoka, injini inatikisa mkono wenye penseli, na kile unachokichora hakisimami hata nukta moja. Hakuna nafasi ya kufungua rangi. Mtu huchora mistari ya haraka, huandika jina la rangi mahali pake, na yanayosalia huyabeba kichwani hadi atue. Kutokana na kazi ya namna hiyo zilitoka picha kama ile ya Hurricane zikiruka, ambamo nchi ya Uingereza inaonekana chini kama kanga zilizoanikwa, na ile ya Spitfire katika uwanja uliofichwa kwa rangi ili usitambulike kutoka juu.

Picha moja ya hapa ilinishangaza kuliko zote, kwa kuwa haina ndege ya chuma hata moja. Ni picha ya banda la njiwa lililokuwa juu ya magurudumu, pamoja na koplo aliyewatunza. Jeshi la anga lilikuwa na desturi ya kuwapakia njiwa katika ndege. Ndege ikianguka baharini na redio ikafa, njiwa huachiliwa, akarudi nyumbani na habari. Maisha ya vijana wenye mashine za kisasa kabisa yalitegemea mabawa ya kiumbe aliyeumbwa kurudi kwao. Ravilious aliliona jambo hilo, akaketi kulichora kwa uangalifu ule ule aliowapa Spitfire.

Katika mwaka huo huo nyumba yake ilikuwa na mzigo mkubwa. Familia ilikuwa imehamia nyumba ya shambani huko Shalford, na mwezi Machi, 1942 Tirzah alipasuliwa kwa sababu ya kansa ya titi. Akiwa bado anapata nafuu aliandika kumbukumbu za maisha yake, usiku, watoto walipokwisha kulala. Mkubwa alikuwa akielekea miaka saba, wa pili miwili, na yule mdogo wa kike ndiyo kwanza anatimiza mwaka mmoja. Naye alikuwa msanii, tena hodari, lakini mchana wake ulikuwa ni wa kupika, kufua na kuuguza. Tukimsifu mchoraji kwa safari zake, tukumbuke pia nani aliyebaki na ufunguo wa nyumba.

Mwezi Agosti Ravilious alipata kibali alichokitaka kwa muda mrefu. Tangu Norway moyo wake ulikuwa katika nchi za barafu. Sasa alipangiwa kwenda Iceland.

ALFAJIRI YA KALDADARNES

Aliondoka kwa ndege Agosti 28, 1942. Septemba 1 alifika Kaldadarnes, kiwanja cha ndege cha Waingereza kusini ya kisiwa hicho. Ndege za hapo zilikuwa ni Hudson, zenye injini mbili, zilizotengenezwa Marekani kutokana na ndege ya abiria. Kazi yake ilikuwa ni kuzisaka nyambizi za Ujerumani katika Bahari ya Atlantiki. Siku hiyo hiyo aliyofika, Hudson moja ilitoka doria isirudi.

Kesho yake alfajiri ndege tatu zilitumwa kuitafuta. Mchoraji hakulazimishwa na mtu yeyote kwenda. Angeweza kubaki akachora milima, au hema, au ndege zilizokuwa zimelala uwanjani. Aliomba kupanda pamoja na wenye kutafuta, akapewa nafasi. Ndege aliyopanda, yenye wanajeshi wanne pamoja naye, haikurudi. Walitafutwa kwa siku nne, kisha wakahesabiwa kuwa wamepotea. Hapakuonekana kipande cha bawa wala karatasi ya mchoro. Alikuwa na umri wa miaka 39, naye akawa mchoraji rasmi wa kwanza wa Uingereza kufa kazini katika vita hivyo. Wawili wengine, Thomas Hennell na Albert Richards, walimfuata mwaka 1945.

Nilisema kwamba kazi ya fundi huweza kuishi kuliko fundi. Lakini haiishi yote. Ile picha kubwa ya Chuo cha Morley, ambayo yeye na rafiki yake waliihangaikia kwa miaka miwili, haipo tena. Iliharibiwa na mabomu yaliyoangushwa London kutoka katika ndege. Nilikwenda kukiona chuo hicho, jioni moja baada ya masomo, na nikakuta watu wakiingia na madaftari yao kama walivyoingia wenzao wa mwaka 1930. Ndege alizozipenda kwa umbo lake zilimla kazi yake, kisha zikamla mwenyewe. Sidhani kwamba hakulijua hilo alipokuwa akizichora. Picha ya kitanda kisicho na mtu si kazi ya mtu asiyejua.

JINA UKUTANI

Ndiyo sababu Jumamosi ya tatu nilikwenda Chatham. Ingawa Ravilious alipotea katika ndege ya jeshi la anga, katika daftari za serikali alikuwa ni askari wa majini, na kwa hiyo jina lake liliandikwa miongoni mwa watu wa bahari. Mji aliouripotia siku ya kwanza ya kazi ndio uliomhifadhia jina baada ya siku ya mwisho.

Nilizunguka kuta kwa muda mrefu. Majina ni mengi hata macho yanachoka, na ukichoka yote yanafanana. Nilipokuwa nikitafuta nilimkumbuka bibi mmoja wa mtaani kwetu, ambaye tulipokuwa watoto alikuwa akitusimulia habari za kaka yake aliyekwenda vita vya Burma na kuzama njiani. Februari, 1944 meli Khedive Ismail iliondoka Mombasa ikiwa imebeba mamia ya askari wa Afrika Mashariki, na Februari 12 ilipigwa na nyambizi ya Japani katika Bahari ya Hindi. Ilizama kwa muda wa dakika mbili hivi. Watu zaidi ya 1,200 walikufa. Askari wetu hao wana ukuta wao pia, Nairobi, katika makaburi ya vita. Bibi yule hakupata kuuona. Miaka yote alikuwa akiacha sahani moja juu ya kabati, wala hakutaka itumiwe na mtu mwingine.

Hatimaye nililiona. Kapteni, na jina, basi. Hakuna neno lisemalo kwamba mtu huyu alichora. Mpita njia atadhani ni ofisa kama maofisa wengine. Mwanzoni jambo hilo lilinikera. Halafu nikaona kwamba huenda hilo ni haki, kwa sababu alikwenda walikokwenda wenzake, akaketi walikoketi, na asubuhi ile ya Kaldadarnes hakutaka kutazama kwa mbali.

Na lile swali nililotoka nalo Eastbourne nilipata jibu lake hapo hapo. Ravilious hakuvikimbia vita. Alichora kile ambacho wengi wetu ndicho tunachokipata kutokana na vita: si mlipuko, bali kitanda kilichotandikwa, kiti kisichokaliwa, anga tupu baada ya ndege kupita. Wenye kuona mlipuko ni wachache. Wenye kuishi na kiti kitupu ni familia nzima, kwa miaka.

Tirzah aliishi na kiti hicho. Alilea watoto, akaolewa tena mwaka 1946, akachora picha zake mwenyewe za mafuta karibu hadi mwisho, na akafariki Machi, 1951. Kwa muda mrefu jina lake lilikuwa chini ya jina la mumewe, lakini kumbukumbu zake zilichapishwa mwaka 2012, na mwaka 2024 jumba la sanaa la Dulwich, London, lilifungua maonyesho ya kazi zake. Kazi nyingi za Ravilious zilikaa nyumbani kwa Bawden, rafiki mwaminifu, hadi watoto walipokuwa watu wazima na kuzifuata, na nyingi zikaishia Towner, mahali nilipoziona mimi.

Kadi moja ya zile tatu niliituma nyumbani kabla sijaondoka London. Nilipofika, niliikuta imebandikwa ukutani juu ya meza ya kulia chakula, na mwanangu, ambaye ana miaka sita, aliniongoza hadi pale akanyoosha kidole.

"Baba, mwenye kitanda amekwenda wapi?"

Nikamwambia amepanda ndege, amekwenda kutafuta wenzake waliopotea.

"Amewapata?"

Sikumdanganya. Nilimwambia kwamba hakuwapata, lakini alikwenda. Mtoto aliitazama picha kwa kitambo, kisha akaenda kuchukua penseli yake na karatasi, akaketi mezani chini ya kadi, akaanza kuchora ndege.